Chumvi ya Mjamzito: Kutoka Mnadani Hadi Chunguni

Maswali yanayotufikia kutoka Kahama, Kishapu, Katoro na vijiji vya machimbo ya Geita yanafanana. "Kliniki wameniambia nitumie chumvi yenye madini joto, nitaitambuaje?" "Mama mkwe ananunua chumvi ya mawe kwa kisado, ina ubaya gani?" "Shingo imevimba na mimba ina miezi mitano, nimechelewa?" Nitayajibu hapa kwa kufuata yale ya kufanya, kuanzia sokoni hadi mtoto anapozaliwa.

Jambo moja litangulie. Madini joto ni ya chungu cha familia nzima, na yanatakiwa yawe chunguni kabla mimba haijatungwa. Ukingoja kadi ya kliniki ndipo ubadilishe chumvi, wiki ambazo mtoto aliyahitaji kuliko wakati wowote zitakuwa zimeshapita.

Kwa nini mapema hivyo

Mbele ya koo ipo tezi inayotumia madini joto kutengeneza homoni. Homoni hizo ndizo zinazoongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto. Tezi ya mtoto huanza kazi kidogo karibu na wiki ya 12 na haijitegemei vizuri mpaka mimba ifike nusu. Muda wote huo mtoto anaishi kwa homoni za mama yake, na tezi ya mama hulazimika kuongeza kazi kwa karibu nusu ya kawaida yake. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 za madini joto kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha, wakati mtu mzima mwingine anatosheka na 150.

Wanawake wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Hebu hesabu mwenyewe.

Upungufu ukiwa mkali, mimba huharibika, mtoto hufia tumboni, au huzaliwa akiwa kiziwi, amedumaa mwili na akili. Upungufu wa wastani ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu hauonekani. Mtoto anazaliwa na kilo zake, analia vizuri, watu wanashangilia. Athari inakuja kujitokeza miaka saba baadaye, darasani, na hapo ataambiwa ni mvivu.

Aliyeuliza kama miezi mitano ni kuchelewa: hapana. Ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa mpaka mwisho wa mimba na miaka ya mwanzo baada ya kuzaliwa. Anza leo kwa mlo wa jioni.

"Kwetu hakuna wenye marovu"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia mara nyingi Usukumani, na lina ukweli ndani yake. Rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, lilijulikana zaidi nyanda za juu kusini na Kigoma. Miaka ya 1980 takribani robo ya Watanzania waliopimwa walikuwa na tezi iliyovimba. Serikali ikagawa vidonge vya mafuta ya madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha kanuni za 1994 zikalazimisha chumvi ya kula itiwe madini joto. Uchunguzi wa 2004 ulikuta uvimbe umeshuka hadi karibu asilimia 7. Haya ni mafanikio makubwa, na Taasisi ya Chakula na Lishe inastahili heshima yake.

Lakini rovu ni dalili ya mwisho. Shingo inaweza kuwa nyororo na madini joto yakawa hayatoshi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulipima chumvi majumbani na kukuta takribani kaya 6 kati ya 10 tu ndizo zenye chumvi iliyofikia kiwango, yaani miligramu 15 au zaidi za madini joto katika kila kilo ya chumvi. Kaya nyingine zilikuwa na chumvi yenye madini kidogo mno au isiyo nayo kabisa.

Shinyanga na Geita zina mazingira yake. Tuko mbali na bahari. Samaki na dagaa wa Ziwa Victoria ni chakula kizuri cha kujenga mwili, ila samaki wa maji baridi hana madini joto mengi kama wa baharini, kwa hiyo usijidanganye kwamba dagaa wa Mwanza watafanya kazi ya chumvi. Muhogo unaliwa sana, nitaueleza mbele. Chumvi nyingi hununuliwa mnadani, ikiwa wazi kwenye magunia. Na kuna wafugaji: nyumba yenye ng'ombe hununua chumvi ya mifugo, na siku ile ya jikoni ikiisha, mkono unaenda kwenye fuko la ng'ombe.

Watu watauliza kama kweli jambo hili linagusa shule ya mtoto. Wachumi watatu walifuatilia watoto wa Tanzania ambao mama zao waliishi katika wilaya zilizopewa vile vidonge. Mwaka 2009 walichapisha kwamba watoto waliolindwa tangu tumboni walisonga mbele shuleni kuliko wenzao, hasa wasichana. Watafiti wengine walipohesabu upya hawakuona tofauti kubwa kiasi hicho, na ni haki kulisema. Lakini madhara ya upungufu mkali kwa ubongo hayana ubishi.

Kununua: angalia haya

- Nunua ya pakiti iliyofungwa, iliyoandikwa wazi "chumvi yenye madini joto", yenye jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya TBS. Tangu 2019 TBS ndiyo inayosimamia usalama wa chakula.
- Kataa pakiti iliyochanika, iliyolowa, au iliyoanikwa juani mbele ya duka. Omba ya ndani.
- Weupe na usagaji si ushahidi. Chumvi laini nyeupe pe inaweza kuwa haina kitu, na ya mawe inaweza kuwa nayo. Madini joto hayana rangi, hayana harufu, na ulimi hauyatambui.
- Ukilazimika kununua ya kupima, muulize muuzaji akuonyeshe gunia lenyewe. Gunia lisilo na maandishi, liache.
- Chukua kiasi cha kuisha ndani ya mwezi mmoja au miwili. Gunia la mwaka mzima linaonekana nafuu, lakini madini yanapungua kadiri linavyokaa wazi.
- Chumvi ya mifugo iwekwe kwenye chombo tofauti, mbali na jiko, na kila mtu nyumbani ajue.

Magadi si chumvi ya madini joto. Yanalainisha mlenda na maharage, basi. Vilevile chumvi iliyochotwa ziwani au kwenye majaluba na kuuzwa moja kwa moja haijatiwa kitu. Wasukuma walisafiri hadi Ziwa Eyasi kuchukua chumvi tangu enzi za mababu, na ninaiheshimu historia hiyo, lakini wazee hao hawakuwa na namna ya kujua kilichokosekana ndani yake.

Kupima kunawezekana. Afisa afya au afisa lishe wa halmashauri anaweza kuwa na kichupa cha dawa ya kupimia. Tone moja juu ya chumvi: ikigeuka samawati au zambarau, madini yapo, ikibaki nyeupe, hayapo. Kichupa hicho hakisemi vizuri ni kiasi gani, hilo hufanywa maabara. Mwombeni aje na kichupa siku ya mkutano wa kijiji au siku ya kliniki, kila mama aje na kijiko kimoja cha chumvi yake ndani ya karatasi. Nakwambia, hakuna hotuba inayoshinda kuona chumvi yako ikibaki nyeupe wakati ya jirani imegeuka rangi.

Kuhifadhi na kupika: makosa yanayopoteza madini

1. Kuosha chumvi ya mawe ili iwe safi. Ukiiosha, madini yanaondoka na maji. Kama ni chafu kiasi cha kuoshwa, usiinunue.
2. Kuiacha kwenye kibakuli kisicho na mfuniko kando ya mafiga. Joto, mwanga na unyevu vinaimaliza. Weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, kwenye kivuli, utumie kijiko kikavu.
3. Kuianika juani ikilowa. Nunua pakiti ndogo isipate muda wa kulowa.
4. Kutia chumvi mwanzoni mwa maharage yanayochemka saa tatu. Tia mwishoni, chungu kikikaribia kuepuliwa.

Usiongeze chumvi, badilisha chumvi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia mjamzito anahitaji madini zaidi, wanamwaga chumvi mpaka mboga inakolea kupita kiasi. Fuata hesabu hii. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa jumla ya vyakula vyote. Chumvi yenye miligramu 15 kwa kilo itakupa mikrogramu 75 tu katika kijiko hicho. Yenye miligramu 30 itakupa 150, na kidogo kitapotea jikoni. Kwa hiyo hata chumvi nzuri haikufikishi kwenye 250 peke yake. Kinachobaki kitoke kwenye maziwa, mayai, na samaki wa baharini akipatikana.

Mayai tuyaseme waziwazi. Zipo nyumba ambako mjamzito anakatazwa mayai kwa sababu za mila. Yai halimdhuru mtoto tumboni. Lipikwe liive, mama ale.

Kuhusu vidonge, tofautisha. Vile vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina madini chuma na asidi ya foliki, madini joto havina. Ukivimeza kila siku umefanya vizuri sana, ila hujagusa suala la chumvi. Vipo vidonge vya virutubisho 15 vilivyotungwa mahususi kwa wajawazito, ambavyo vina mikrogramu 150 za madini joto. Muulize muuguzi kama vipo kituoni kwenu, na kama unaruhusiwa kuvitumia badala ya vile vya kawaida. Usimeze aina zote mbili bila kuambiwa.

"Nina presha, nimekatazwa chumvi." Basi punguza kama ulivyoambiwa, na hiyo kidogo unayotumia iwe ya madini joto. Madini hayo hayapandishi presha. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au uso ukivimba, usikae nyumbani kutafakari chumvi; nenda kituoni saa hiyohiyo, hizo ni dalili za kifafa cha mimba.

Nani anashika chumvi ya nyumba?

Ushauri mwingi wa lishe unaelekezwa kwa mjamzito, ilhali katika kaya nyingi za Kisukuma, Kisumbwa na Kizinza si yeye anayenunua chumvi. Baba ananunua mnadani akirudi na mahitaji ya mwezi, na mama mkwe ndiye anayekitawala chungu. Msichana aliyeolewa juzi hawezi kusimama katikati ya mji wa watu na kutangaza kwamba chumvi ya mama haifai.

Basi, mama zangu, sehemu hii ni yenu. Mjukuu anayejengwa tumboni mwa mkamwana anakula chumvi unayoichagua wewe. Nanyi akina baba, kwenye orodha ya mnadani msiandike "chumvi" peke yake.

Wewe mkamwana, anza kwa adabu: "Mama, nesi ameniagiza tutumie hii, naomba nikuonyeshe." Ukiona ugumu, omba mhudumu wa afya wa jamii apite nyumbani. Neno likitoka kwake halitaonekana ni la ukaidi. Ikishindikana kabisa, tenga kopo lako, utie chumvi yako kwenye mboga yako sahanini. Si njia bora, lakini itakufikisha wakati mazungumzo yanaendelea.

Machimboni hali ni nyingine. Pale Rwamagasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, mwanamke anayeponda mawe au kuuza kwenye mwalo hana jiko. Anakula kwa mama lishe. Muulize mama lishe wako anatumia chumvi gani. Yeye ni mfanyabiashara, wateja watano wakiuliza wiki moja, atabadilisha. Na ninyi mama lishe, pakiti moja yenu inalisha watu wengi kwa siku, wakiwemo wajawazito ambao hata wenyewe hawajajijua.

Muhogo

Sikukatazi ugali wa muhogo. Ninakuomba uutayarishe kwa ukamilifu. Muhogo mchungu una sumu ya jamii ya sianidi. Usipoondolewa vizuri, mwili unaibadilisha kuwa kemikali inayoizuia tezi kuchukua madini joto. Ukiwa na chumvi nzuri athari ni ndogo. Ukiwa huna, mambo mawili yanaungana dhidi ya mtoto.

Makosa hutokea msimu wa njaa, watu wanapofupisha kazi. Tarime, mwaka 1985, baada ya ukame, watu walikula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha na wengine wakapooza miguu. Kwa hiyo:

- menya, kisha loweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, umwage maji yake;
- anika mpaka ukauke kabisa kabla ya kusaga;
- kukata na kuanika tu, bila kuloweka wala kuvundika, hakutoshi kwa muhogo mchungu;
- kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu bila kufunikwa;
- pokezana muhogo na mahindi, mtama, michembe au mchele, usile wenyewe kila siku.

Moshi wa sigara huzalisha kemikali hiyohiyo mwilini. Anayevuta avutie nje, mbali na mama.

Pemba, damu na zebaki

Pemba, ule udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito, unahusiana na tezi kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Tezi inahitaji madini chuma ili itengeneze homoni. Mama aliyepungukiwa damu anaweza kula chumvi nzuri na bado tezi yake ikafanya kazi kwa kusuasua. Udongo hupunguza uwezo wa tumbo kufyonza madini chuma. Tena kwa upande wa Geita kuna la zaidi: utafiti katika jamii za wachimbaji wadogo uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito walioshiriki wanakula udongo, na udongo uliopimwa ulikuwa na risasi, arseniki na zebaki.

Najua hamu ya pemba si utani na haiishi kwa kukemewa. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Mwambie muuguzi bila aibu, upimwe damu na minyoo, ulale ndani ya chandarua, na umeze vidonge vyako vya kuongeza damu kila siku. Usivimeze pamoja na chai, inazuia visifyonzwe. Hamu ikibana, tafuna kipande cha barafu, karoti au embe bichi lililooshwa.

Kuhusu zebaki nisiache neno. Mvuke wake unapita kwa mama hadi kwa mtoto na kudhuru ubongo uleule tunaouhangaikia. Dhahabu isichomwe nyumbani, wala kwenye jiko au kikaango cha chakula. Mjamzito asishike zebaki, asikae upande upepo unakoelekea wakati wa kuchoma. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe mbali na nguo za watoto na vyombo.

Shingo ikivimba

Nenda kituo cha afya, useme wazi kwamba una uvimbe shingoni na una mimba au unatarajia kupata. Kliniki ya kawaida haimpimi kila mama tezi, kwa hiyo usiposema hutapimwa. Mengine ya kuzingatia:

- Usichanjwe chale juu ya uvimbe wala usikubali ukandwe kwa nguvu. Shingoni pana mishipa mikubwa.
- Usinywe dawa ya vidonda yenye iodini (ndiyo hayo madini joto). Kiasi kikubwa ghafla kinaweza kuivuruga tezi ya mama na ya mtoto.
- Kama tayari unatumia dawa za tezi, usiziache unapojua una mimba. Wahi kwa daktari, huenda dozi ikahitaji kubadilishwa.
- Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda, au kuhema kwa shida na kushindwa kumeza, ni safari ya hospitali siku hiyo.

Uvimbe wa zamani hauondoki kwa kubadilisha chumvi wiki mbili. Chumvi inamlinda mtoto na kuzuia tatizo lisiendelee. Uvimbe wenyewe unahitaji kupimwa.

Mtoto akishazaliwa

Usirudi kwenye chumvi ya gunia. Mtoto anayenyonya anapata madini joto kutoka maziwa yako, na mahitaji yako yanabaki 250 kwa siku. Mpe ziwa tupu miezi sita. Chumvi asipewe moja kwa moja.

Katika wiki za kwanza mwangalie. Manjano yanayozidi wiki mbili, usingizi mzito mno, kunyonya kwa ulegevu, choo kigumu, sauti ya kukwaruza akilia, ulimi mkubwa unaotokeza nje, au mwili wa baridi na uliolegea: hizo zinaweza kuwa dalili kwamba tezi yake haifanyi kazi. Hakuna kipimo cha tezi kinachofanywa kwa kila mtoto anayezaliwa nchini, hivyo macho yako ndiyo ya kwanza. Mpeleke bila kungoja tarehe ya chanjo, taja kwamba ulikuwa na uvimbe shingoni kama ulikuwa nao, na uliza kama anahitaji kupimwa homoni za tezi katika hospitali ya mkoa. Tatizo likigunduliwa katika wiki mbili tatu za mwanzo, kidonge kidogo kila siku kinaweza kumlinda akakua na akili zake timamu. Likigunduliwa baada ya mwaka, dawa ileile haitarudisha kilichopotea.